VC10 ya Duxford siyo ile ya East African Airways
Hapana mkuu, hiyo VC10 (ndege ya jeti ya abiria iliyotengenezwa Uingereza) uliyoiona kwenye picha za makumbusho ya Duxford, Uingereza, ukadhani ni ya East African Airways, ilikuwa ya BOAC, shirika la ndege la Waingereza wenyewe, usajili wake G-ASGC. Za kwetu, yaani za East African Airways, zilikuwa Super VC10 (VC10 ndefu zaidi) tano na utazijua kwa herufi za mwanzo za usajili tu, 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, kwa sababu kampuni ilikuwa ya nchi zote tatu. Mzee wangu alikuwa fundi wa ndege hapa Dar enzi hizo ndo maana haya mambo nimekua nayo. Moja iliungua Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kuruka, watu wengi walikufa, na kampuni ilipokufa 1977 zile nne zilizobaki zikaishia jeshi la anga la Uingereza, wakazigeuza ziwe za kujazia mafuta ndege zingine angani, zikapewa namba mpya ZA147 mpaka ZA150. Hiyo ZA150 ndo 5H-MOG yetu, na ndo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, ilistaafu 2013 ikatua Dunsfold, kule Surrey. Ila Dunsfold siyo sehemu ya kujiendea tu, ulizia kwanza kabla hujatoka.

Duxford nenda hata hivyo, ni kambi ya zamani ya jeshi la anga karibu na Cambridge, walihama 1961, kuna Concorde ya majaribio (ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti) na Spitfire (ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia), inastahili siku nzima.