Ripoti ikisema maji yamekidhi viwango

Dada, umeuliza kama ripoti ya mwaka ya maji ya mji wako huko Marekani ikisema yamekidhi viwango, basi uwape watoto maji ya bomba bila wasiwasi. Kwa mengi, ndiyo. Kwa madini ya risasi, usiishie hapo.

Tazama Flint, Michigan. Aprili 2014 mji ulianza kutumia maji ya mto Flint bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, na risasi ikaingia majini kutoka kwenye mabomba ya zamani. Vipimo vya nusu ya kwanza ya 2015 viliripotiwa kuwa na risasi maikrogramu 11 kwa lita, chini ya kikomo cha 15. Kumbe sampuli mbili zilikuwa zimeondolewa kwenye hesabu, na moja ilikuwa na 104! Zingebaki, kikomo kingevukwa. Inaniuma kila nikikumbuka, maana watoto walikuwa wanayanywa.

Hata hesabu ikiwa safi, ilipimwa kwenye nyumba chache, na kwa kuwa namba inayoripotiwa ni ile ambayo nyumba tisa kati ya kumi zilizopimwa hazikuizidi, nyumba moja kati ya kumi ingeweza kuzidi 15 bila mji kuonekana umevuka. Nyumba hiyo inaweza kuwa yako. Waulize wanaosambaza maji kama bomba linaloingia kwako ni la risasi, na omba maji ya jikoni kwako yapimwe: yale ya kwanza asubuhi, kabla hujayaacha yatiririke. Na tafadhali, kuchemsha hakuondoi risasi. Tafuta kichujio kilichothibitishwa kwa risasi.