Re: Digrii ya miaka miwili ya usanifu wa grafiki inatosha?
Ndugu, umeuliza kama miaka miwili ya usanifu wa grafiki kwenye chuo cha jamii huko Marekani inatosha kupata kazi. Inatosha, ila mwajiri ataangalia potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi ulizosanifu, kabla ya cheti. Soma vizuri jina la digrii: AAS (Associate of Applied Science) inalenga kazi moja kwa moja, AFA (Associate of Fine Arts) inamfaa anayetaka kuhamia chuo kikuu amalizie shahada. Zote ni krediti (vipimo vya masomo) 60 hivi. Usikwepe taipografia (mpangilio wa herufi) na uchapaji, hata kama wenzako wanasinzia. Huko ndiko utaelewa kwa nini bango lililong'aa kwenye skrini linatoka mashineni limefifia: liliachwa kwenye RGB (rangi za skrini) badala ya CMYK (rangi za wino wa kuchapa). Na kila upande wa bango uongeze inchi 0.125 itakayokatwa baada ya kuchapa! Illustrator, programu ya kuchorea, utajifunza hata YouTube. Chuo gani umeomba?