Maswali na Majibu: Kununua na Kujenga Palipokuwa Kiwanda

Kikundi chetu cha akiba hapa Walukuba, Jinja, kinataka kununua sehemu ya eneo lililokuwa kiwanda cha nguo ili tujenge shule ya chekechea. Tuanzie wapi?

Anzeni na historia ya ploti kabla ya kugusa jembe au kulipia maabara. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake uliivutia Jinja viwanda vya nguo na vya chuma, pamoja na mtambo wa kuyeyusha shaba iliyosafirishwa kwa treni kutoka mgodi wa Kilembe, magharibi mwa Uganda. Baadaye kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kuporomoka kwa uchumi kuliacha majengo mengi yakiliwa na kutu. Ploti moja, basi, huenda imepita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akiacha taka za namna yake.

Ofisi ya ardhi itawapa hati na ramani, lakini kwa maoni yangu mashahidi bora ni wazee waliofanya kazi humo. Aliyekuwa akichochea boila ataweza kuwaonyesha kwa kidole mahali mafuta mazito yalipokuwa yakimwagika, zilipokaa transfoma, na mtaro uliopeleka maji ya idara ya kutia rangi. Kila sehemu ina hatari yake: rangi za nguo zingeweza kuacha kromiamu (metali yenye sumu), transfoma za zamani mafuta yenye kemikali za PCB ambazo hudumu udongoni kwa miaka mingi, na mabomba ya mvuke pamoja na mabati ya saruji yangeweza kuwa na asbesto, yaani nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Paa la namna hiyo lisivunjwe kwa nyundo kamwe. Kwa kuwa watoto wa chekechea huchezea udongo na kutia vidole mdomoni, eneo lao linahitaji usafi wa juu kuliko eneo la ghala.

Tulichukua udongo kwenye pembe nne za kiwanja, tukauchanganya, na maabara ikasema hauna tatizo. Tuamini?

Maabara imesema kweli kuhusu udongo mliouleta, ila udongo huo hausemi mengi kuhusu kiwanja chenu. Pembeni, karibu na ua, ndiko ambako kwa kawaida hapakuwa na mashine. Kuchanganya nako huficha: tuseme sampuli moja ina miligramu 2,000 za madini ya risasi kwa kilo na nyingine tisa zina 20 kila moja, mkizichanganya mtapata 218, na sehemu chafu itakuwa imepotea ndani ya wastani. Chukueni sampuli pale historia inapoelekeza, kila moja na mfuko wake, namba yake na kina chake. Pimeni udongo wa juu ambao watoto wataugusa, kisha wa chini zaidi, na maji ya kisima kama kipo.

Naweza kulima dodo (mchicha) kwenye uwanja wa gereji iliyofungwa?

Usilime kabla ya kupima. Mboga za majani hufyonza kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kwa urahisi, na vumbi lenye risasi hung'ang'ania majani. Ukihitaji mboga sasa, zipande kwenye magunia yenye udongo uliotoka kwingine.

Mwekezaji anasema atamwaga zege juu ya eneo lote na shida itakwisha. Ni kweli?

Mara nyingine ni kweli, na si ujanja. Hatari huhitaji uchafu, njia ya kusafiri na mtu wa kufikiwa. Zege huikata njia ya vumbi na ya mikono. Madini kama risasi, ambayo hayaozi, yanaweza kufunikwa hivyo mradi sakafu itunzwe na katazo la kuchimba liandikwe kwenye hati, ili fundi bomba wa miaka ijayo asifukue asichokijua. Hali ni tofauti pakiwa na petroli au viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia rangi au grisi), kwani mvuke wake hupenya nyufa na kukusanyika ndani ya vyumba, na zege halizuii maji ya ardhini kubeba uchafu kuelekea ziwani. Mahali pa namna hiyo, tangi la mafuta lililofukiwa lazima litolewe na udongo wake uondolewe au utibiwe. Mafuta mengine huvunjwa na bakteria udongo ukipinduliwa na kupewa hewa na mbolea, jambo linalohitaji subira ambayo wawekezaji wengi hawana.

Sisi ni wa Kasese. Masalia ya mgodi wa Kilembe yanaingia mtoni. Nani alipe?

Masalia hayo yana pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikikutana na maji na hewa hutoa asidi inayoyeyusha shaba na kobalti. Mafuriko ya mto Nyamwamba, kama ya mwaka 2013 na 2020, huyamega na kuyapeleka mbali zaidi. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Ugumu ni pale mchafuzi alipokwisha kuondoka na umiliki ukabadilika, kwani hapo mzigo huangukia serikali au anayeichukua ardhi. Pelekeni malalamiko NEMA kwa maandishi, pamoja na picha na tarehe. Na anayenunua ardhi ya namna hii, popote ilipo, aweke kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatafuata majibu ya vipimo, na aandike wazi nani atagharamia usafishaji.