Maswali Yenu: Kusaidia familia yenye mraibu

SWALI: Mdogo wangu ana miaka mitatu hajagusa pombe. Nataka kujitolea kusaidia familia zilizo pale tulipokuwa sisi. Je, niliyoyaona yanatosha, au lazima nipate mafunzo? – *Dada Mkubwa*

JIBU: Dada, uliyoyaona ndiyo yatakayokufungulia mlango. Mama aliyechoka kuficha pochi ndani ya nyumba yake mwenyewe hamwamini upesi mtu asiyewahi kuficha. Ila hayatoshi, na mara nyingine ndiyo yanayoponza. Msaidizi mpya huona dawa iliyofaa kwao ni dawa ya kila nyumba: "Sisi tulimfukuza, akatulia." Mwenzake akimfukuza wake, huenda akaokotwa amekufa.

Kabla hujajiandikisha, uliza mambo mawili. Nani atakusimamia, na mtakutana kila baada ya muda gani? Je, mafunzo yanagusa usalama wa watoto na huduma ya kwanza kwa aliyezidisha dozi? Pasipo na msimamizi, usiingie. Utabeba vilio vya watu mpaka uugue. Na kama ukisimulia ya mdogo wako bado hufiki mwisho bila kulia, hudhuria vikao kwanza kama mwanafamilia.

SWALI: Wiki ijayo nakutana na familia ya kwanza. Nianzie wapi? – *Baba wa Wawili*

JIBU: Baba, anza kwa kunyamaza. Katika saa moja, nusu nzima iwe ya mwenzako kusema. Utaratibu uliotungwa Uingereza na watafiti Copello, Orford, Templeton na Velleman una hatua tano: kumsikiliza mwanafamilia, kumpa taarifa anazozihitaji, kupima pamoja naye namna anavyoikabili hali, kutafuta nani wa kumshika mkono, kisha kuangalia msaada gani mwingine anauhitaji. Hatua zote zinamhusu mwanafamilia, si mraibu. Hapa ndipo wengi hupotea: kikao kizima kinaishia kumjadili mtu ambaye hayupo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Kwa jumla familia hufanya moja kati ya matatu: kupambana naye, kumvumilia, au kujitenga naye. Hakuna lililo sahihi siku zote. Chukueni jambo moja tu, tuseme madeni ya kijana ambayo mama huyalipa. Gaweni karatasi katikati: huku anachopata akilipa, huku anachopoteza. Ataandika mwenyewe kwamba akilipa hulala usingizi usiku ule, na wiki inayofuata mdai mwingine anabisha hodi. Akikuuliza, "Sasa nifanyeje?" mrudishie karatasi. Uamuzi utakaomchagulia wewe atauacha siku ya kwanza utakapomwia mgumu.

Akijilaumu, yapo maneno matatu yanayosemwa katika vikundi vya Al-Anon, vya ndugu na jamaa wa walevi, vilivyoanza Marekani mwaka 1951: hukuusababisha ulevi huu, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Ni maneno mazuri mno, lakini usiyatoe kabla hajamaliza kulia.

SWALI: Familia ninayoitembelea inataka kumfungia kijana chumbani mpaka arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi, imwishe. Hapa pia ninyamaze? – *Msaidizi Mpya*

JIBU: Hapana! Hapa sema, tena waziwazi. Uliza kwanza anatumia nini. Aliyekunywa pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kwa kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo huua. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu nazo ni hivyohivyo. Apelekwe hospitali apunguziwe chini ya uangalizi.

Kwa heroini, hatari kubwa huja baadaye. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili husahau kuihimili; akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Ndiyo maana siku za kutoka gerezani au katika nyumba ya matibabu ni za kuangaliwa sana. Ifundishe familia dalili: haamki hata akisuguliwa mfupa wa kifua, anapumua polepole au anakoroma kwa ajabu, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Waite gari la wagonjwa, wampe naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini, kama ipo, na wampulizie pumzi ikiwa hapumui. Asipozinduka baada ya dakika 2 hadi 3, dozi ya pili. Akianza kupumua, alazwe ubavu. Wasimwache: naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini inaweza kuwa bado imo mwilini.

SWALI: Mke ameniambia jambo ambalo mumewe halijui. Naye mume ananiuliza. – *Jirani*

JIBU: Usimwambie. Mipaka ya siri hutajwa siku ya kwanza: halitoki neno, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiumizwa, na hapo unaanza kwa msimamizi wako. Mume mjibu, "Hilo muulize mwenyewe," kisha muulize yeye anaendeleaje. Huenda hajaulizwa na mtu yeyote.