Bustani ya shule penye mchanga mtupu

Mwalimu, umeuliza namna ya kuanzisha bustani ya wanafunzi hapo Tabata, Dar es Salaam, ilhali kiwanja ni mchanga unaokunywa maji na kukauka kabla ya adhuhuri. Usianze na mbegu. Anza na mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea yaliyooza. Vijana wakusanye maganda na mboga zilizonyauka sokoni, wazipange kwa tabaka pamoja na majani makavu, wageuze kila baada ya wiki 2, na baada ya miezi 3 hivi watashika viganjani kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Somo lenyewe liko hapo, wala si ubaoni. Mchicha huvunwa ndani ya wiki 4 hivi, hawatachoka kusubiri. Maji ya Mto Msimbazi msiyamwagilie, kwani yamechafuliwa na majitaka. Kingeni ya paani wakati wa vuli.