Unasomea historia ili uje kuifundisha? Anza na magofu ya kwenu

Wadogo zangu wa huku Lamu wanaoingia chuo kusomea ualimu huniuliza sana kuhusu historia, ati ni kweli mtu anakariri tarehe miaka minne halafu akimaliza anawakaririsha watoto wa watu. Jibu langu ni moja tu. Chuoni usisome ujue nini kilitokea peke yake, soma ujue watu walijuaje kwamba kilitokea, manake hilo ndo swali ambalo mtoto wa sekondari atakuuliza siku moja, na ukimjibu "kitabu kimesema" ushampoteza.

Chukueni Shanga, magofu ya mji wa kale pale kisiwani Pate, ukifika Siyu unatembea kwa miguu unafika. Wengi wetu shuleni tulifundishwa kwamba Waarabu walikuja wakajenga miji ya pwani, basi, ikaishia hapo. Lakini miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba Shanga na chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwengine, chini yake mwengine, mpaka wakafika kwa alama za mashimo ya nguzo, yaani msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8 hivi. Na vigae vya vyungu vilivyotoka tabaka za chini vingi ni vya hapa hapa pwani. Sasa hebu fikiria ukiwa mbele ya darasa, huna haja ya kuwaambia nani alijenga, wachoree zile tabaka ubaoni kuanzia chini uwaulize mji huu ulikua vipi, utaona mikono inavoinuka. Halafu waambie mjadala haujaisha, manake mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya DNA ya mifupa kutoka makaburi ya zamani, pamoja na ya Manda na Faza huku kwetu Lamu, yakaonyesha wenyeji wa Afrika na wageni wa Uajemi walianza kuchanganya damu karibu mwaka 1000, wanawake wengi wakiwa Waafrika na wanaume wengi Waajemi. Kwa hivo mtoto anaona kwamba ushahidi mpya ukija, historia inaandikwa upya, na mimi naamini hapo ndo mtu anaanza kuipenda.

Nendeni huko mkiwa bado chuo, likizo mnayo. Piga picha, chora ramani yako mwenyewe, andika noti. Kigae usiokote, kikishatolewa pale kilipolala hakina tena la kumwambia mtafiti, na sheria ya turathi inakataza.

Somo la pili (TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, wanataka mawili) kwa mtu wa huku mimi napendekeza Kiswahili. Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale, utaisoma kama fasihi, sawa, lakini zile beti zinazoeleza majumba ya Pate yalivyobaki magofu mwalimu wa historia anazihitaji vilevile.

Mtihani nao haukwepeki. KCSE, ule wa kumaliza sekondari, bado inataka "taja sababu tatu, eleza sita", kwa hivo azimio la kazi na andalio la somo lazima vikae sawa na pointi zote ziingie kwa daftari, usijidanganye kwamba hadithi tamu peke yake itampa mtoto gredi.

Kwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, mimi ningechagua Vita vya Shela, miaka ya 1810, Lamu kwa upande mmoja na Pate pamoja na Wamazrui waliotawala Mombasa kwa upande wa pili. Lamu ikashinda, kisha ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ile ngome tunayoipita kila siku hapo sokoni ikamalizwa mwaka 1821 hivi. Kabla hujafundisha kaongee na mzee wa Lamu, kisha mzee wa Pate, wasikize kwa adabu wote wawili, uandike walipopishana. Darasani gawanya watoto makundi mawili, kila kundi lipe upande mmoja, waulize kwa nini Lamu iliita Oman na ilipoteza nini kwa kuiita. Watapiga kelele, na lekchara akiingia kukukagua wakati huo usiwanyamazishe, mpe kiti akae asikize.