Jibu: Jiko la koili, volti 240, ampea 5

Ndugu yangu wa Manyatta, umeuliza jiko lako la koili linalovuta ampea 5 kwenye stima ya volti 240 lina ukinzani gani, na linatumia wati ngapi.

Ukinzani, yaani jinsi koili inavyouzuia umeme kupita, hupimwa kwa omu. Gawanya volti kwa ampea: 240 ÷ 5 = omu 48. Kisha zidisha: 240 × 5 = wati 1,200. Likiwaka saa nzima, limekula yuniti 1.2 za tokeni yako.

Lakini wengi huteleza stima inapofifia jioni. Wao hushikilia zile ampea 5, ilhali kinachobaki karibu vilevile ni omu 48 za koili. Tuseme mita inasoma volti 200. Mkondo sasa ni 200 ÷ 48, kama ampea 4.2, na nguvu ni volti mara mkondo huo, 200 × 200 ÷ 48, yaani wati 833. Volti zimepungua sehemu moja ya sita tu, lakini joto limepungua karibu theluthi! Kwa hivyo maji ya ugali yakikawia kuchemka, usikimbilie kununua koili mpya. Pima volti kwanza.

Hesabu hii usiipeleke kwenye friji wala pampu. Mota ina mambo yake, soma wati zilizoandikwa kwenye kibati chake. Na ukitaka kupima omu kwa mita, tafadhali sana, chomoa plagi kwanza na uache koili ipoe.